Shati la Kiumbe Asiyepimika

4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua barua ya adabu huanza kwa kuulizana afya, lakini afya yangu inategemea jambo ninalotaka kukuomba, kwa hiyo acha nianze na jambo lenyewe.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi kwenye studio inayotengeneza michezo ya kompyuta? Tuko sita, tumebanana chumba kimoja juu ya duka la miwani. Mimi ndiye mchoraji wa viumbe. Katika mchezo wetu mchezaji anatua kwenye sayari ya mbali na kukutana na wenyeji wa huko, na wenyeji hao hawatakiwi kufanana na binadamu hata chembe. Si mtu aliyepakwa rangi, si mtu aliyeongezwa mkia. Wageni kabisa. Mpaka leo nimechora kumi na wanne. Bosi anawatazama, anabetua midomo, anasema, "Huyu ni mtu amevaa ngozi ya mjusi." Kisha anaenda kuchemsha chai.

Jana alitangaza kwamba mkutano wa mwisho ni tarehe 14 Mei. Nisipokuwa na kiumbe wa maana siku hiyo, atanunua wale waliokwisha kuchorwa na wengine, wa kijani wenye vichwa vikubwa, ambao dunia nzima imewachoka, na nafasi ya mchoraji wa viumbe itafutwa. Maana yake nitafutwa mimi.

Ndipo nikakumbuka unavyojigamba: miaka thelathini na moja kwenye cherehani na hujawahi kumrudisha mteja. Mwenye kibyongo ulimshonea, mwenye mguu mfupi ulimshonea, hata yule mpiga tarumbeta mwenye bega moja juu na moja chini. Basi nakuomba unipimie viumbe wangu. Ukiweza kumshonea shati, huyo ni binadamu tu, anajificha. Siku utakayoshindwa, mimi nimepona.

Nakutumia mchoro kwa posta, maana utaniambia simu ni ya kuulizana hali, si ya kazi. Huyu wa kwanza ana mikono minne na kichwa cha samaki.

Mwanao wa chini ya meza,
Pindo


11 Machi

Pindo,

Marahaba. Mimi mzima, cherehani nzima, paa linavuja palepale.

Fungua kifurushi kwanza, ndipo uendelee kusoma. Umeliona? Shati la mikono minne. Limenichukua asubuhi moja, na katikati nilisimama kuuza zipu mbili. Makwapa ya chini nimeyapa nafasi zaidi ili mikono isigombane, na kola nimeishusha kwa ajili ya hayo mashavu. Mwanangu, huyu si mgeni. Huyu ni kinyozi mwenye wateja wengi.

Umenichokoza na nimechokozeka. Wewe ni yule yule niliyekuwa nikikulaza chini ya meza ya kukatia, ukifumua mapindo ya suruali za watu mpaka ukapewa jina, na leo unataka kuniona nikishindwa! Utangoja sana.

Usimwambie mtu, lakini kabla ya kulituma nililitundika mlangoni siku mbili. Watu walisimama kulitazama. Hata fundi wa mlango wa pili, yule niliyembandika jina la Bwana Milimita, alipita, akalikodolea macho, akajifanya anatafuta ufunguo. Tangu aliponiambia mbele ya mwalimu mkuu kwamba matundu yangu ya vifungo yanapiga miayo, tukaikosa sote wawili ile kazi ya sare, huu mwaka wa tisa hatujapeana hata habari za asubuhi. Ukuta wetu ni mmoja. Cherehani zinasikilizana, wenyewe hatusikilizani. Na iwe hivyo.

Lete mwingine. Na huyo bosi wako mwambie asinywe chai ya watu kabla ya kufikiri.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo na pole na kazi. Shati lako limezua sherehe. Wenzangu wawili walilivaa kwa pamoja kutwa nzima, mmoja mikono ya juu, mwingine ya chini, wakawa wanaandika kwenye kompyuta moja. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya mchoro wangu: MTU.

Sawa. Sasa huyu hapa. Hana mikono, hana miguu, hana shingo. Anateleza juu ya tumbo, na macho yake yamepangwa mgongoni, thelathini na mawili. Haya, kola utaiweka wapi?

Baba amenishtakia kwamba bado unapanda ile stuli iliyofungwa kamba mguu mmoja ili kufikia rafu ya juu. Shangazi, nakuomba kwa heshima zote, tafuta ngazi.

Pindo


2 Aprili

Pindo,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Ndani ya kifurushi kuna shati la mteleza kwa tumbo. Urefu ni sentimita 41.3, upana wa juu 18.6, upana wa chini 27.2. Vifungo thelathini na viwili mgongoni, na kila tundu la kifungo ni dirisha la jicho, ili akitaka kulala afunge vifungo na akitaka kuona afungue. Kola ipo. Asiye na shingo ana mahali ambapo shingo ingekuwa, na hapo ndipo kola hukaa.

Huyu naye hatufai. Ana juu na chini, ana mbele na nyuma, na mbele kuna mdomo. Ni baba yako akiwa amejifunika blanketi siku ya Jumapili.

Habari ya stuli nimekusikia. Sipandi tena. Usishangae mwandiko, nimebadili kalamu.

Shangazi yako


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kalamu gani hiyo inayosimamisha herufi wima kama wanajeshi? Na tangu lini unapima kwa nukta? Wewe ninayekujua hupima kwa shubiri, na ukiwa na haraka, kwa jicho. Halafu nimeyatazama yale matundu thelathini na mawili kwa kioo cha kukuzia nilichoazima duka la chini. Hayapigi miayo hata moja. Yamefumba midomo kama watoto waliovunja sahani.

Nisamehe kama ninaingilia yasiyonihusu, lakini sina raha. Umeajiri mtu? Umenunua cherehani mpya? Au unataka kufunga duka na hutaki kuniambia? Baba nikimuuliza anasema "shangazi yako hajambo" kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia daktari kwamba ameacha sukari.

Nimekuwekea mchoro wa tatu. Huyu si mmoja, ni elfu moja. Ni wadudu wadogo wanaoruka pamoja kama wingu, na katikati yupo mkubwa wao anayewaamuru. Bosi ameniambia "afadhali", neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Siku zimebaki thelathini na nne, na usingizi wangu umeshapungua.

Pindo


18 Aprili

Pindo,

Nimeshona shati moja, dogo, linaenea kidole gumba. Wale mia tisa tisini na tisa waliobaki washonewe kwa vipimo hivyo hivyo, maana hawatofautiani. Viumbe elfu moja wanaovaa sawasawa, na mkubwa mmoja anayewapigia kelele: mwanangu, hiyo ni shule. Shule nimezishonea.

Nikupe siri ya ufundi. Futi ya kupimia huja mwisho. Mteja akiingia, kwanza ninamuuliza: nguo hii unakwenda nayo wapi, na unataka nani akuone? Akishanijibu, nusu ya shati nimekwisha kulikata kichwani. Hao viumbe wako wote watatu nimewauliza swali hilo, nao wamenijibu kama watu wa mtaa wangu: wanataka washibe, waogopwe, washinde. Umewabadilisha miili, nyoyo umewaachia zile zile. Nitafutie mmoja ambaye nikimuuliza hatakuwa na la kunijibu.

Hayo mengine unayoyauliza ni udaku. Ninashona mwenyewe, na duka lingalipo.

Shangazi yako


19 Aprili

Kwa Binti Pindo,

Unanifahamu kwa sifa mbaya tu. Mimi ni fundi wa mlango wa pili. Ninaandika bila ruhusa ya shangazi yako, na stempu pia nimeitoa kwenye droo yake bila ruhusa.

Tarehe 24 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilisikia kishindo upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amepanda stuli. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Amefungwa plasta, wiki nane. Alikataa msaada wangu mara tatu tukienda hospitali, na mara mbili tukirudi.

Siku ya tatu aliingia kwangu akaweka mchoro wako juu ya meza, bila salamu. Akasema, "Huyu hana shingo. Kola utaiweka wapi?" Nikamwonyesha. Akaniambia nimekosea. Nikapima. Nilikuwa nimekosea kwa milimita nne.

Tangu siku hiyo yeye anachora chaki kwa mkono wa kushoto, mimi ninakata. Anabana pini, mimi ninapiga mshono. Anaukagua kwa ukucha, anafumua, ninarudia. Barua anasema yeye, ninaandika mimi. Hakunituma niweke nukta kwenye vipimo. Niliziweka mwenyewe, na nimegombezwa ulipoziona.

Juzi tulipomaliza lile shati dogo nililishika kwenye mwanga kwa muda mrefu. Mimi ninautambua mshono wa kila fundi wa mji huu. Shati lile halikuwa la mkono wangu, wala halikuwa la mkono wake. Fundi aliyelishona simfahamu.

Hataki ujue ameumia, kwa kuwa anaogopa utaona unamsumbua na utaacha kutuma viumbe. Tafadhali usiache. Miaka tisa upande huu wa ukuta kulikuwa kimya mno. Kuhusu matundu ya vifungo, nilimwonea. Yaliyopiga miayo yalikuwa mawili tu kati ya mia moja na ishirini, na nilisema yote. Sijapata namna ya kumwambia.

Fundi wa mlango wa pili


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari za kalamu sitaziuliza tena. Kila mtu na kalamu yake.

Nilikuwa nimekaa na lile shati dogo kwenye kidole gumba, ninaligeuza na kuligeuza, nikijiuliza limeshonwaje. Nikaacha chai ikapoa. Nilipoinuka, wale kumi na saba wa mwanzo niliwatia wote kwenye kapu la taka. Sasa nisikilize vizuri, maana huyu hachoreki kirahisi.

Kwenye sayari yetu kuna vitu kama vipande vya ngozi laini, maelfu kwa maelfu, vimelala juu ya mawe. Kila kipande kinajua kitendo kimoja tu. Hiki kinakunja, kile kinatoboa, kingine kinalowesha. Kikiwa peke yake hakijui lolote, hakina tofauti na jiwe lililo chini yake. Lakini kazi ikianza, tuseme kuziba ufa kwenye mwamba, inapita kutoka kipande hiki kwenda kile, na huko kupita ndiko kunakofikiri. Ndiko kunakokumbuka, kunakosita na kunakochagua. Kwa hiyo vipande si wenyeji wa sayari. Mwenyeji ni ile kazi inayopita ndani yao. Kipande kilichoachwa nyuma si mtu, mpaka kazi nyingine ikipitie. Kazi mbili zikikutana ndani ya kipande kimoja, kwa muda huo mfupi zinajuana, na hayo ndiyo mazungumzo yao. Kazi ikiisha, aliyekuwa akiishi ndani yake amekwisha, na hakuna anayeweka msiba.

Mchezaji akija na bunduki yake, atampiga nani? Akipiga kipande amepiga kiti kitupu. Akitaka kuongea na mwenyeji, hana budi ashike kazi: akunje mara moja, atoboe mara moja. Kwa kitendo hicho kimoja na yeye anakuwa sehemu ya mwenyeji, anajua anachokijua. Akiachia, anarudi kuwa yeye.

Nimemuuliza swali lako, anakwenda wapi na nguo na anataka nani amwone. Amenyamaza. Jina pia sijampa, maana sijui nilibandike wapi.

Nimebakiza siku kumi na tano. Ukimshonea huyu, nitakuja kukaa tena chini ya meza yako nifumue mapindo, na safari hii nitakuwa nimefukuzwa kazi.

Pindo


8 Mei

Pindo,

Kifurushi hiki usikifungue. Kipeleke kwenye mkutano kilivyo, ukifungue mbele ya huyo mnywa chai. Vaa ile blauzi ya kijivu niliyokushonea, na ujikaze. Mtoto wangu hafukuzwi na vichwa vikubwa vya kijani.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi wangu wa pekee,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Niliingia kwenye mkutano nimevaa ile blauzi ya kijivu. Niliyapanga mashati matatu mezani: la mikono minne, la mteleza kwa tumbo, la kidole gumba. Nikaeleza kwamba nina fundi ambaye kwa miaka thelathini na moja hajawahi kumrudisha mteja, na kila kiumbe aliyeweza kumvisha nilimtupa. Nikabandika ukutani mchoro wa huyu wa mwisho, nikaeleza kazi inavyopita, nikasema jibu la fundi limo ndani ya kifurushi hiki na mimi mwenyewe silijui. Bosi akaweka kikombe chini. Nikakata kamba.

Kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri. Hakuna palipokatwa. Hakuna alama hata moja ya chaki. Juu yake futi imeviringishwa, na kikaratasi chenye neno moja lililopinda kama limeandikwa ndani ya gari linalokimbia: TUMESHINDWA.

Bosi akakiinua kile kitambaa, akakigeuza upande wa pili kutafuta chaki, hakuiona. Akasema, "Huyu ndiye." Akaniongezea miaka miwili ya kazi papo hapo, na mchezo mzima sasa unajengwa kumzunguka mwenyeji wangu. Mchezaji hatapigana na mtu. Atashika kazi. Nilitoka nje kwenye ngazi nikalia, Shangazi, nililia kwa furaha mpaka muuza miwani akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Bosi aliniuliza fundi huyo ni nani. Nikamjibu kwamba hata wenyewe hawamjui.

Swali moja tu la adabu. Wewe unashona peke yako, umeniandikia hivyo. Sasa walioshindwa ni akina nani?

Pindo


24 Mei

Pindo mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, kwa hiyo vumilia. Plasta ilitolewa Jumanne. Mkono umekonda kama wa mtu mwingine, lakini unashika sindano.

Nimefurahi mpaka nimefunga duka mapema, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi ya baba yako. Kile kitambaa tulikitazama siku tatu. Kila nilipoweka chaki mahali, mteja alikuwa ameshahama. Mteja gani anahama katikati ya kupimwa? Siku ya nne nilimwambia mwenzangu anipe kalamu, niandike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kushindwa kwangu sikutaka kuandikiwa na mtu.

Na ujue kwamba ninajua unajua. Stempu zilikuwa kumi na mbili, nikakuta kumi na moja, na yule mnafiki akawa anapiga mluzi. Nikamwacha ajione mjanja. Juzi alijikaza kiume, akaleta shati la sare la miaka tisa iliyopita. Kumbe alilitunza! Akanionyesha matundu mawili ya vifungo, akaniomba radhi kwa yale mengine mia moja na kumi na nane. Nikavaa miwani nikayatazama yale mawili. Pindo, yanapiga miayo. Nilicheka mpaka mkono ukauma.

Lakini nina neno na huyo mwenyeji wako. Ulisema kazi ikiisha, aliyekuwa akiishi ndani yake amekwisha. Basi Jumanne niliporudi kutoka hospitali, nilimkuta amekusanya mkasi wake, chaki yake na miwani yake, amesimama mlangoni. Akasema mkono umepona, kazi imekwisha, ananitakia siku njema. Nilimtazama, moyo ukaniuma, nakwambia wazi. Nikamuuliza, kazi gani imekwisha, na shati la mikono sita je? Akasema hakuna aliyeagiza shati la mikono sita. Nikamwambia kaa chini, shika kitambaa.

Mpaka jana tulikuwa tumefika mkono wa tatu. Nimeukagua, haukukaa vizuri, nimefumua yote mitatu. Leo tunaanza upya na wa kwanza.

Shangazi yako

Nimepewa bahasha hii niipeleke posta. Mikono yote mitatu ilikuwa imekaa vizuri, nimepima. Sikumwambia.
Fundi wa mlango wa pili